Askari wa Posta, Old Boma, Kunduchi, Makumbusho au Kariakoo: una Jumamosi moja tu Dar, uende wapi?

Kila likizo ikikaribia swali linarudi kwenye magrupu. Mgeni anakuja kutoka mkoani, au watoto wamefunga shule, au ofisi imeamua itoke kidogo, halafu anatokea mmoja anasema jamani beach tumeenda sana, hamna sehemu yenye historia humu mjini? Basi majibu yanamiminika, huyu Kunduchi, yule Makumbusho, wa tatu anasema mpelekeni tu akaone sanamu pale Posta, mnabishana wiki nzima na mwishowe mnaishia kula mihogo Coco Beach kwasababu hamkuelewana.

Nimechukua tano zinazotajwa sana, nikazipima kwa maswali yaleyale. Nikisema Makumbusho namaanisha Kijiji cha Makumbusho cha Bagamoyo Road. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert nimeyaacha makusudi, sio kwamba hayana maana, nenda hata kesho, ila pale vitu vimeletwa ndani vikawekwa kwenye vioo. Hapa naongelea sehemu ambazo zenyewe ndo kitu cha kuangalia.

Tunapima kwa nini

Watu wengi wanaanza na umri. Ya zamani zaidi ndo bora, basi. Hata sheria inaanzia hapohapo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mstari kwenye mwaka 1863: jengo lililojengwa kabla ya hapo linalindwa bila mtu kuomba, lililokuja baadaye linasubiri litangazwe rasmi. Sasa Dar yenyewe Sultan Majid alianza kuijenga miaka ya 1860 hiyohiyo, kwahiyo karibu mji mzima umezaliwa upande mbaya wa mstari. Na kuna kichekesho ndani yake, milango ya mbao ya kuchonga yenyewe ilipewa mpaka 1940, yaani mlango unaweza ukawa salama kisheria huku nyumba uliyofungwa haina chake. Kwahiyo umri nauheshimu lakini siupi kura peke yake.

Maswali yangu ni haya. Kuna nini pale ambacho hukipati kwingine humu mjini? Hali yake ikoje sasa hivi, ni yenyewe au imeshapakwa na kuzibwa mpaka haitambuliki? Nani anapatumia, maana sehemu isiyo na mtu wa kuihitaji kesho asubuhi ni rahisi sana kuondoka. Kufika kukoje, nauli, jua, usumbufu. Mwisho, inamfaa nani, maana bibi yako na mwanafunzi wa usanifu hawatafuti kitu kimoja.

Sanamu ya Askari, Posta

Kuna nini pale: kila mtu wa Dar ameipita, walioiangalia ni wachache. Simama pembeni ya mzunguko pale Samora inapokutana na Azikiwe, muangalie vizuri huyo jamaa. Hajasimama kama wa gwaride. Ameinama mbele, mguu mmoja umetangulia, bunduki mkononi na singe yake imeelekea upande wa bandari. Ni shaba tupu, kazi ya mchongaji Muingereza James Alexander Stevenson, ikazinduliwa 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini kuna maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yale ya Kiingereza aliyatunga Rudyard Kipling. Nairobi na Mombasa wana ndugu zake wa kipindi hichohicho.

Ila kinachonivutia mimi ni pale chini, uwanja wenyewe. Kabla yake Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapohapo Hermann von Wissmann, gavana wao, Waingereza walipouteka mji 1916 wakamuondoa. Halafu uhuru ukaja 1961, mitaa ikabadilishwa majina, hiyo Samora yenyewe ilikuwa inaitwa Acacia Avenue, na bado askari akaachwa. Kwa mtazamo wangu aliachwa kwasababu sura ni yetu, hata kama aliyelipia ni mkoloni. Unaweza ukabishana na hilo, na ndo uzuri wake, ni sanamu unayoweza kubishana nayo ukiwa unasubiri taa.

Hali yake ni nzuri, shaba haina shida na mchwa wala mvua. Anayeitumia ni mji mzima, watu wanaelekezana kwa hiyo, "shuka Posta Mpya, njoo mpaka kwenye sanamu". Kufika ni rahisi kuliko zote na hakuna kiingilio, ila magari yanazunguka muda wote, siku za kazi kuvuka kwenda kusoma yale maandishi ni kujitafutia matatizo. Jumapili asubuhi Samora ikiwa tupu ndo muda wake.

Inamfaa mwenye haraka, mpiga picha, mwalimu wa historia anayetaka kuanzisha mjadala. Watoto wadogo utawachosha, na mtu akisafiri kutoka Mbagala kwa ajili ya hiyo tu atakuuliza "ndo hii tu?"

Old Boma, Sokoine Drive

Boma la Kale, ingawa wengi wanasema tu Old Boma. Kuna nini pale: nyumba ambayo imeuona mji huu ukiwa mtoto. Ilijengwa 1866 mpaka 1867 na Sultan Majid bin Said wa Zanzibar kwa ajili ya wageni wake, wakati ana mpango wa kuifanya Dar bandari kubwa. Majid akafariki 1870 mpango ukalala, kasri lake la jirani halipo tena, boma likabaki. Na angalia hesabu, 1866, imeupita ule mstari wa sheria kwa miaka mitatu tu!

Ukiingia weka mkono ukutani. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene, jua la Sokoine Drive linabaki nje na ndani kuna ubaridi ambao kiyoyozi cha ofisi ya jirani kinautafuta kwa umeme. Kama umewahi kuingia kwenye nyumba za mawe za pwani umeona vyumba ni virefu na vyembamba, sababu ni boriti za mikoko, dari inalala juu ya boriti na mti wa mkoko una urefu wake, huwezi ukaamua tu chumba kiwe kipana. Sebule ilikuwa inapangwa na msitu, sio na mwenye nyumba. Mlango wa kuchonga upo pia, huo usipite haraka.

Hali: imekarabatiwa, na kwa maoni yangu imekarabatiwa vizuri, haikufanywa ionekane mpya. Anayeitumia, na hapa boma linapata alama nyingi kwangu, ni kwamba halijawahi kukaa bila kazi muda mrefu. Wajerumani walilitumia, ofisi za serikali zikapita humo, na miaka ya karibuni kimewekwa kituo cha urithi wa usanifu wa jiji, wanaita DARCH, kina maonyesho ya jinsi mji ulivyokua jengo kwa jengo. Wataalamu wa ukarabati watakwambia jengo lenye watu linaziba tundu la paa wiki hiyohiyo, lile lililofungwa unakuja kulikuta limeshaingia maji mpaka ghorofa ya chini.

Kufika: basi la mwendokasi la Kivukoni, shuka Posta ya Zamani, unatembea kidogo. Boti za Zanzibar ziko mbele yako, kwahiyo utakutana na wapiga debe wa tiketi, waambie asante usonge. Kamera kubwa karibu na bandari inaleta maswali, piga jengo usipige geti la bandari. Na ukiwa hapo fuata barabara hiyohiyo, kanisa la Mtakatifu Joseph liko karibu, la Azania Front mbele zaidi, yote mawili ya Wajerumani na yote yalianza kujengwa miaka ya mwisho ya 1890.

Inamfaa mtu mzima anayependa kusoma maelezo taratibu, mwanafunzi wa usanifu au ujenzi, na mgeni mwenye saa mbili za kupoteza kabla ya boti. Anayetaka fujo na ngoma atasinzia.

Magofu ya Kunduchi

Hapa ndo wale wa "ya zamani zaidi" wanashinda bila jasho. Kuna msikiti ambao wataalamu wanauweka karne ya 15 au 16, umebaki kuta, na pembeni yake makaburi mengi ya karne ya 18 na 19, mengine yana nguzo ndefu za mawe zimesimama kichwani mwa kaburi. Kwenye nguzo hizo walikuwa wanapachika bakuli na sahani za Kichina. Sio michoro, ni vyombo kabisa, vilivyopakiwa China, vikapita India na Uarabuni, vikashushwa huku na majahazi yaliyokuwa yanafuata upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi. Mtu alikuwa na chombo cha bei kubwa akaona kikae kaburini kwake, watu wapite wakione.

Leo nguzo nyingi zimebaki na vile vishimo vya duara tu. Ukisogea unaona chokaa imezunguka ukingo vizuri kabisa, ukubwa wa sahani ya pilau, na katikati hamna kitu. Vingine vilivunjika, vingine viling'olewa. Mimi kile kishimo kinaniambia zaidi kuliko sahani nzima iliyowekwa kwenye kioo, ila najua wengi watakataa, na wana haki, maana mtoto wa darasa la nne ukimuonyesha tundu anataka aone kilichokuwemo.

Hali yake ndo dhaifu kuliko zote tano. Kisheria imelindwa kabisa, ni ya kabla ya 1863, lakini mbuyu hausomi sheria. Mizizi, hewa ya chumvi, mvua za masika, na nyumba za watu ambazo kila mwaka zinasogea. Nani anapatumia? Wajukuu wa wale waliolala pale hawajulikani wote, hakuna biashara wala ofisi, hakuna foleni ya watalii. Umri upo, wa kupahitaji kesho asubuhi ndo wachache.

Kufika kunahitaji mipango. Daladala za Bagamoyo Road kuelekea Tegeta, shuka Mtongani, kutoka hapo bodaboda au bajaji, na dereva mwambie "magofu", ukisema tu Kunduchi anakupeleka hotelini ufukweni. Usiende peke yako, usiende jioni, na pitia kwa wenyeji au mhusika wa eneo ujitambulishe kwanza, ni ustaarabu na ni usalama pia. Vaa kama unaenda makaburini maana unaenda makaburini: hakuna kupanda juu ya kaburi kupiga selfi, hata kama grupu linasubiri picha.

Inamfaa mtu mwenye subira, mpenzi wa historia ya pwani, wanafunzi wa chuo na mwalimu wao. Familia yenye watoto wadogo na mzee asiyeweza jua, hapana, labda mjipange kweli.

Kijiji cha Makumbusho

Hii ni kinyume kabisa na Kunduchi. Nyumba hata moja pale haina umri wa kutisha, kijiji kilianzishwa 1966, na nyumba zenyewe ni za miti, udongo na nyasi, maana yake mvua na mchwa wanazila na inabidi zijengwe upya kila baada ya muda. Kuna watu wanasikia hivyo wanasema ah, kumbe feki. Hapana bwana. Ukirudishia msonge wa Wahaya, ile nyumba ya duara ambayo nyasi zinashuka kutoka kileleni mpaka chini, lazima awepo fundi anayejua kuanza wapi kufunga. Siku fundi wa mwisho akiondoka huwezi kumsoma kwenye picha. Kinachotunzwa pale ni huo ujuzi wa mikono, nyumba ni kisingizio kizuri.

Kwahiyo kilichopo hapo tu ni hiki: kwa mguu, ndani ya saa moja na nusu, unatoka kwenye tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, kwa sababu kwao mvua ni chache, unaingia nyumba ya mianzi ya Wanyakyusa ambako mvua haiishi, unapita kwa Wazaramo wenye mji wao. Ingia ndani ya msonge usimame kidogo mpaka macho yazoee. Giza, harufu ya nyasi kavu, sehemu ya ng'ombe na sehemu ya watu chini ya paa moja. Mtoto aliyezaliwa ghorofani Sinza anauliza maswali mpaka unatafuta pa kukimbilia.

Hali: inategemea umeenda lini. Mara unakuta nyumba imetoka kuezekwa inang'aa, mara nyingine imechoka inasubiri zamu. Usikasirike, ndo mambo ya nyasi. Wanaoitumia ni wengi, shule zinakuja na mabasi, vikundi vya ngoma vinacheza hasa mchana wa wikiendi, mafundi wa vinyago na michoro wako humo, na kuna ile Siku ya Utamaduni wa Mtanzania ambapo jamii fulani inakuja na vyakula vyake, ngoma zake na wazee wake. Ukiweza kulenga siku hiyo acha vingine vyote.

Kufika: karibu kila daladala inayopita Bagamoyo Road inakushusha, na stendi ya jirani imeshachukua jina la Makumbusho mpaka kuna watu wanaijua stendi tu, hawajui kwamba kuna makumbusho. Kiingilio kipo, cha Mtanzania ni kidogo, cha mgeni kutoka nje kinapanda, kwahiyo beba kitambulisho. Kivuli kipo, vyoo vipo, pa kukaa papo. Hizo sio sifa ndogo ukiwa na bibi.

Inamfaa familia, shule, mgeni wa mara ya kwanza, na mtu wa mkoani anayetaka kuicheka au kuisifia nyumba ya kwao. Mtu anayetaka "mawe ya kale" ataona ameletwa sio.

Soko la Kariakoo

Najua hapa wengine mtaguna. Soko? Lile lenye nyanya na dagaa? Ndio, hilohilo.

Angalia juu. Ukisimama nje upande wowote inua macho uache vitenge kidogo, utaona paa ni miavuli mikubwa ya zege imegeuzwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, mdomo wazi kuelekea mbinguni. Sio urembo tu. Mvua inaingia kwenye mwavuli inashuka katikati, na kwa kuwa juu kuko wazi pembeni, joto la watu na mizigo linapanda na kutoka. Soko la joto la Dar likapata hewa bila mashine. Aliyesanifu ni Mtanzania, Beda Amuli, ujenzi ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na soko likafunguliwa 1975. Nchi ina miaka 14 ya uhuru, na jengo la kifahari inaloamua kulijenga ni la kuuzia mchicha. Mimi hilo linanigusa.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Wakati wa vita ile ya askari wa Posta, hapa ndo palikuwa kambi ya wapagazi, Carrier Corps, na jina likabaki midomoni mwa watu likawa Kariakoo. Wapagazi walibeba risasi na unga vichwani kutoka pwani mpaka bara, wakafa kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi, hesabu rasmi ya Waingereza peke yake ilipita 40,000. Aliyeshika bunduki akapewa shaba pale Samora. Aliyebeba mzigo hajapewa sanamu humo sokoni, na mpaka leo hapohapo vijana wanapita na magunia mgongoni wakipiga kelele "mzigo, mzigo". Ukienda zote mbili siku moja utaelewa namaanisha nini.

Hali: usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua vibaya. Kulikuwa na sababu zote za kusema bomoa, jenga mnara wa vioo, kiwanja cha pale thamani yake kila mtu anaijua. Badala yake jengo la zamani likakarabatiwa na pembeni likajengwa jengo jipya la ghorofa. Kwa hiyo utakachoona ni mchanganyiko, miavuli ya Amuli na vitu vipya vimeizunguka, kuna watakaosema imepoteza ladha. Wanaolitumia sina haja ya kueleza, muulize mfanyabiashara yeyote wa Songea au Kahama mzigo wake unatoka wapi.

Kufika: mwendokasi wa Gerezani, au shuka Msimbazi utembee. Hakuna kiingilio, ila usumbufu upo wa kutosha, simu weka mfuko wa mbele, mkoba ubebe kifuani, na usimpige mtu picha kwenye biashara yake bila kumuomba, atakufokea na atakuwa na haki. Asubuhi mapema kuna nafasi ya kuangalia juu, saa sita mchana utasukumwa tu. Kama una mtu unayemfahamu kwenye ghorofa la jirani muombe upande, miavuli ikionekana kutoka juu ni kitu kingine kabisa.

Inamfaa wasanifu, wapiga picha wenye adabu, mtu mwenye nguvu za kutembea na anayependa mji ukiwa mji. Bibi, mtoto wa miaka mitatu, na mtu anayechukia msongamano waache nyumbani.

Sasa wewe chagua kwa hali yako

Una watoto wa shule ya msingi na siku nzima: Makumbusho, nenda mchana wa wikiendi mpate ngoma, ila piga simu kwanza kuuliza kama zipo siku hiyo. Kariakoo wapeleke wakiwa wakubwa.

Mgeni ana saa mbili kabla ya boti: Old Boma, na kama mizigo sio mingi tembeeni mpaka kwa askari, sio mbali. Akiwa na saa tano ongeza Kariakoo kwa mwendokasi, muonyeshe wapagazi baada ya askari, kwa mpangilio huo, sio kinyume.

Mwanafunzi wa usanifu, uhandisi au historia anayetafuta mada ya ripoti: weka Boma na Kariakoo pamoja, yote mawili yanajibu swali moja, joto la Dar unaliondoaje ndani ya nyumba, moja kwa ukuta mnene na lingine kwa paa lililo wazi, na yametofautiana zaidi ya miaka mia. Ukiwa mtu wa akiolojia hayo hayakuhusu, wewe ni Kunduchi.

Umekuja na mzazi au bibi: Makumbusho asubuhi kabla jua halijakaza. Boma pia linafaa ukipata usafiri wa kumshusha karibu na mlango, ila ghorofani kuna ngazi.

Hupendi watu wengi: Kunduchi siku ya kawaida, mkiwa kundi dogo. Unapenda watu wengi: unajua jibu.

Masika, kati ya Machi na Mei: Kunduchi njia zinateleza na Makumbusho utatembea kwenye tope, hapo Boma ndo lina paa la uhakika. Na Kariakoo wakati mvua inanyesha, kama huogopi kulowana viatu, ndo siku ya kuona ile miavuli ikifanya kazi yake.

Na kama ni grupu mnataka mfanye kitu zaidi ya kupiga picha, labda mmechanga hela kidogo mnataka "kusaidia", basi kila sehemu ina namna yake. Makumbusho lipeni kiingilio kamili, nunueni kwa mafundi wa humo ndani, hiyo inatosha. Boma lina maonyesho, nendeni mjaze kitabu cha wageni, namba ya wageni ndo inayotetea bajeti. Kariakoo nunueni mchicha. Kunduchi ndo panahitaji mikono kuliko kwingine lakini msivamie na mafyekeo na ndoo za saruji, saruji ni ngumu kuliko yale matumbawe na chokaa, inafungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linaanza kumomonyoka nyuma ya plasta huku nyie mmeshaondoka mmefurahi. Ongeeni kwanza na wa Mambo ya Kale na serikali ya mtaa, mkipewa kazi ya kuokota taka na kufyeka njia basi fanyeni hiyohiyo, nendeni saa moja asubuhi, maji mbebe ya kutosha maana duka liko mbali kidogo na magofu.